Makufuli Matatu kwa Karatasi Moja

Kaka yangu mkubwa alihudhuria semina ya siku mbili juu ya usalama, katika hoteli moja kando ya ziwa, akarudi na kalamu ya bure, fulana ya bure na uso wa jenerali. Kazi yake katika ONG, shirika la misaada analolitumikia, ni kutunza vipuri vya magari. Lakini tangu siku ile hakuingia tena chumba chochote bila kukagua pembe zake nne, na pale ambapo sisi wengine tunasema kitasa, yeye akasema "dispozitifu". Mimi nafundisha historia katika sekondari. Nimekutana na wajinga wa kila aina, wa kwenye vitabu na wa kwenye madawati, na mjinga mwenye cheti ndiye anayenichosha kuliko wote.

Nyumba ni ya mama. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyeingia katika mambo haya alilisahau mapema. Iko Nyalukemba, kwenye mteremko, na kiwanja chake kilinunuliwa kwa faida ya vitenge ambavyo mama aliuza miaka mingi mpaka magoti yakamkatalia. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haki: akaenda akakiandikisha kwa jina la mke wake, na hakumwambia mtu. Alijua kwa nini ananyamaza. Kwa wanaume wa upande wake, mwanamke kuandikwa kwenye ardhi ni kama kuku kupewa ufunguo wa ghala.

Hati yenyewe ilikaa miaka yote hiyo ndani ya kopo la biskuti, na kopo ndani ya sanduku la nguo, chini ya vitenge vya mama vya sikukuu. Haikuibwa. Panya hawakuila. Kila kiangazi mama alianika vitenge vyake uani, akaifungua karatasi, akaitazama, akairudisha. Mimi nilikuwa nimerudi kuishi naye baada ya ndoa yangu kuvunjika, na nilimwona akifanya hivyo bila maneno, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Kisha majambazi wakaanza kuingia nyumba za mtaa wetu, na kaka, aliyekuwa na nyumba yake lakini akija kwetu kila Jumapili kutukagua, akapata vita aliyokuwa akiingoja.

"Maman, karatasi ya nyumba haiwezi kulala mu kopo ya biskuti," akamwambia mezani. "Mwizi anaanzaka na vitenge."

"Miaka yote ile hakuna mwizi alipenda biskuti," mama akajibu.

Lakini mama ni mama, na huyo ni mwanawe wa kwanza. Wiki mbili baadaye wachukuzi sita walipanda ngazi zetu wakiwa wamebeba kofre, yaani lile sanduku zito la chuma la kuwekea vitu vya thamani, ambalo kaka alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akifunga duka. Waliita jina la kila mtakatifu wanayemjua mpaka wakalifikisha chumbani kwa mama. Lilikuwa na kitasa kimoja tu, lakini kitasa cha kweli, cha shaba, na ufunguo mrefu kama kidole. Kusema haki, kilikuwa kitu kizuri. Kama kaka angekomea pale, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Nilimwambia walau tutoe fotokopi ya hati kabla ya kuifungia. Akanitazama kwa huruma.

"Fotokopi? Fotokopi njo batu banatumiaka kwa kutengeneza karatasi ya bongo. Mu formation balituambia: document moja, fasi moja."

Fasi kwetu ni mahali, na karatasi ya bongo ni hati ya uongo; kughushi hati za viwanja ni kazi inayojulikana hapa mjini. Nikamdharau kimyakimya, jambo ambalo nalifanya vizuri.

Sasa, kwetu kitu kipya hakitumiki kabla ya kubarikiwa. Nimeona pikipiki zikinyunyiziwa maji ya baraka, nimeona mashine za kusaga, nimeona hata friji moja ambayo haikuwahi kupata umeme. Mama akasema kofre lazima ibarikiwe. Mtu yeyote mwenye akili angemwita padri peke yake, siku ya kazi, mlango umefungwa. Kaka yangu, bwana usalama, akalipeleka jambo hilo kwenye jumuiya yetu ya kanisa, zile familia za mtaa zinazosali pamoja kila wiki. Likatangazwa mwishoni mwa sala, kati ya tangazo la msiba na la usafi wa kapela: Jumamosi, saa tisa mchana, baraka ya kofre kwa maman fulani, wote mnakaribishwa.

Na wote wakaja. Kaka alikuwa amenunua makreti ya Fanta na kuchomesha mishikaki. Kwa kuwa kofre haikuweza kubebwa tena mpaka sebuleni, jumuiya nzima ilipita chumbani kwa mama kwa zamu, wakizunguka kitanda chake, wakiguswa na vazi lake la kulalia lililotundikwa mlangoni. Waliokuwa hawajui chumba kiko wapi walijua. Waliokuwa hawajui kofre inatazama dirisha lipi walijua hilo pia. Mama mmoja aliigonga kwa kidole na kuuliza bei yake. Mimi nilisimama kando na glasi yangu nikicheka mpaka machozi yakanitoka, na nilipoulizwa nikasema ni moshi wa mishikaki.

Padri alipofika aliomba ifunguliwe, kwa sababu alitaka kubariki na vilivyomo. Kaka akafungua kwa madaha. Akaitoa hati, akaikunjua, akaishika juu kwa mikono miwili ili maji yaifikie, na kwa vile hawezi kushika kitu juu bila kuhutubia, akaisoma kwa sauti: kata, namba ya kiwanja, vipimo, na jina la mwenye ardhi.

Baba mdogo, ndugu wa baba aliyesalia, alikuwa amesimama mstari wa mbele. Analima kijijini Mumosho, na alikuwa amekuja kwa heshima ya ukoo, na koti lake la Pasaka. Nilimwona akisikia. Alisogea hatua moja, akalitazama jina la mama kwenye karatasi, midomo yake ikilirudia herufi kwa herufi, kisha akajisalibu pamoja na wengine. Baada ya hapo akala mishikaki minne akarudi Mumosho.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na wahenga hao hawakuhudhuria semina yoyote.

Siku nane baadaye baba mdogo alirudi, safari hii na mkungu wa ndizi na sauti laini. Aliketi, akanywa chai, akauliza afya ya kila mtu mpaka ya paka. Kisha akamgeukia mama.

"Mulamu," akamwita, ndivyo shemeji wanavyoitana kwetu, "niko naogopa juu yako. Weye peke yako njo uko na ufunguo. Bajambazi bakiingia, batakupiga mpaka utoe. Lakini kama ufunguo iko kwa batu mbalimbali, batakupiga juu ya nini? Hauna kitu ya kutoa."

Kaka alikaribia kuruka kutoka kitini. Lilikuwa jambo lilelile alilofundishwa katika semina, na sasa linatoka kinywani mwa mkulima wa Mumosho ambaye hakulipwa posho. Akasema "kontroli ya pamoja" mara tatu. Hakujiuliza kwa nini mzee wa mihogo, mtu asiyefunga hata banda la mbuzi wake, ameanza ghafla kuwaza vitasa. Uamuzi ukatoka hapo hapo, mama akiwa bado ameshika birika: makufuli matatu juu ya mlango wa kofre. Moja ufunguo wake kwa mama, moja kwa kaka, moja kwa baba mdogo kwa niaba ya ukoo.

Fundi wa kuchomelea akaja Jumanne na mashine yake na jenereta. Alichomelea masikio matatu ya chuma kwenye mlango, na joto la kazi yake likaingia mpaka ndani ya kile kitasa cha shaba, kikakwama kikiwa wazi. Ufunguo mrefu ukawa unazunguka bure kama kijiko ndani ya kikombe. Fundi akasema si neno, makufuli yatatosha. Kaka akasema kweli, makufuli yatatosha, tena ni bora, kwa sababu ufunguo wa zamani huenda yule mfanyabiashara alibaki na nakala yake. Hivyo ndivyo maboresho yalivyokwenda: kofre iliyokuwa na kitasa kimoja cha kweli ikawa sanduku lenye kadena tatu za soko la Kadutu, zile zinazouzwa zimepangwa kwenye karatasi ya nailoni pamoja na viberiti.

Wakati fundi akifanya kazi, mama alikuwa ameitoa hati ili isiungue. Alikuwa nayo mapajani, uani, juu ya kigoda. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti nikisahihisha mitihani. Fundi alipomaliza, kaka akaita kutoka chumbani kwamba tayari, lete. Mama hakuinuka. Alinitazama.

"Weye njo ulisoma," akaniambia kwa sauti ya chini. "Niirudishe mule?"

Nakumbuka swali lile neno kwa neno, na nakumbuka karatasi niliyokuwa nikisahihisha, ya mwanafunzi aliyechanganya wafalme wawili. Nilikuwa nimechoka na wote: kaka na dispozitifu zake, baba mdogo na huruma yake, jumuiya na Fanta yake. Nilitaka wamalize upuuzi wao waondoke. Niliona, tena niliona wazi, kile baba mdogo alichokuwa anakitafuta. Lakini niliona pia ukubwa wa yale makufuli, na nikacheka.

"Rudisha tu, Maman. Ni vyuma vya soko. Siku tukiitaka, tutavikata."

Akairudisha. Kwa neno langu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu ulioota tende haukuwa wangu.

Miezi mitano ikapita. Msimu wa mvua ulipoanza, jirani wa juu, mtu mpya mwenye haraka na fedha, akaanza kuchimba msingi wa ukuta wa kuzuia udongo. Kamba ya mafundi wake haikupita kwenye mpaka. Ilishuka ndani ya kiwanja chetu, ikapita nyuma ya jiko la mama, karibu sana na ukuta wa jiko hata ungeweza kuigusa ukiwa unakoroga fufu. Mama alipanda kumwuliza. Jirani akasema kwa adabu kwamba yeye ana karatasi zake, na kama mama ana zake, alete.

Mama akaenda ofisi ya ardhi. Afisa mmoja kijana alimsikiliza vizuri, na hilo lenyewe lilimshangaza. Akamwambia, lete hati yenyewe, orijinali, kabla ya Ijumaa, nitakuja nayo kwenye kiwanja kuonyesha alama za mpaka. Jumamosi wanamwaga beton, zege la ukuta, na beton ikishakauka, mama, itabidi mahakama. Ilikuwa Jumatatu.

Kaka alikuwa mbali, Shabunda, kwa kazi, na ufunguo wake shingoni. Alikuwa ameondoka nao kwa kujivunia, akasema mtu wa usalama hauachi ufunguo nyuma. Simu yake ilishika mara moja, Jumanne, kwa sekunde chache, nikasikia akisema "ngojeni, nitarudi, hakuna kufungua bila mimi," kisha mlio wa mtandao uliokufa. Baba mdogo alipatikana bila shida. Alisikiliza habari yote ya jirani, akasikitika, akaguna mahali pa kuguna. Halafu akamwambia mama kwamba atakuja na ufunguo siku mama atakapokubali, mbele ya familia, hati ibadilishwe na kuwekwa kwa jina la wanaume wa ukoo. Nyumba ya ndugu yake haiwezi kukaa kwa jina la mtu aliyeolewa ndani yake. Alisema hayo bila kupandisha sauti.

Mama akakata simu. Alikaa na simu mkononi.

"Nikikubali, niko mugeni mu nyumba yangu," akasema. "Nikikatala, jiko inaenda."

"Kuna njia ya tatu," nikamwambia. Nilifurahi. Ndiyo, nakiri, nilifurahi. Siku yangu ilikuwa imefika, siku ya kuonyesha makufuli yao ni nini.

Alhamisi asubuhi nilinunua msumeno wa chuma, nikarudi, nikapiga magoti mbele ya kofre. Kufuli la kaka lilikatika kabla sijatokwa na jasho. Nilicheka kwa sauti. Semina nzima, hoteli kando ya ziwa, ikaanguka sakafuni. La mama tulilifungua kwa ufunguo wake. Nikaweka msumeno juu ya kufuli la baba mdogo.

Na mkono wangu ukakataa.

Sijui niseme vipi nisionekane ninajitetea. Nimewacheka watu wazima wanaoogopa mdomo wa baba mdogo, wanaosema neno lake linaweza kumfunga mwanamke tumbo au kumnyima mtu usingizi. Nimewafundisha watoto kwamba hayo ni maneno. Lakini kile chuma cha bei ya viberiti kilikuwa chake, alikipachika kwa jina la baba yangu, na atakayekikata ataitwa mwizi Mumosho yote, kwenye misa, kwenye misiba, mpaka atakapozikwa yeye mwenyewe, na nani atakuja kumzika. Nilisukuma msumeno mara mbili. Ulikwaruza tu. Nikasema meno yake yameisha.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikaza kitenge chake kiunoni.

"Toka."

Nikatoka. Magoti yake hayakunji vizuri, ikabidi aketi chini kabisa, miguu imenyooka, kofre kati ya miguu kama mtu anayetwanga. Yeye ndiye aliyekuwa na cha kuogopa. Mjane hana ukoo mwingine zaidi ya ule aliozalia, na mimi nilijua hilo nikiwa nimeegemea ukuta na mikono yangu safi. Alikata. Alipumzika, akapuliza vumbi la chuma, akakata tena. Msumeno ulikuwa mzima kabisa. Kufuli lilipoachia alitoa hati, akavaa viatu vyake vya misa, akashuka ngazi akiwa ameibana karatasi chini ya kwapa, na hakunitaka nimsindikize.

Ijumaa yule afisa alikuja. Alifukua alama ya saruji iliyokuwa imefunikwa na takataka za mafundi, akaonyesha kidole, jirani akaguna, kamba ikahamishwa kwenda juu. Jiko likabaki. Nyumba ikabaki kwa jina la mama. Kaka alirudi kutoka Shabunda akakasirika kwa sababu taratibu hazikufuatwa, akaandika ripoti. Naapa, aliandika ripoti, kurasa mbili, akatupa nakala kila mmoja. Mama akaitumia yake kufungia sukari.

Jumapili baada ya misa mama alinipa kufuli lililokatwa, limefungwa kwenye gazeti, pamoja na kilo moja ya sukari.

"Umupelekee baba yako mudogo. Kitu yake ni kitu yake. Na hatuendake kwa batu mikono mitupu."

Nilipanda pikipiki mpaka Mumosho. Baba mdogo alikuwa uani kwake akipukuchua mahindi. Alifungua gazeti taratibu, akaligeuza kufuli, akatazama mahali lilipokatwa. Mkato ulikuwa umepinda, umeanza mara nyingi.

"Nani alikata?"

Njia nzima nilikuwa nimeandaa jibu. Nikanyanyua kidevu. "Ni miye."

Akachukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza kiganja juu, kama anavyotazama mahindi kama yamekauka. Akauachia.

"Hapana," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akicheka. "Weye, kazi yako ni kuchekaka batu. Iyi ni ya mama yako." Akaliweka kufuli mfukoni. "Mwambie sukari imefika."

Nilirudi nimechukia. Nilitafuta njiani maneno ya kumtukana, mkulima yule, tapeli yule mwenye koti la Pasaka, na niliyapata mengi.

Mama alikuwa jikoni, lile jiko lake, anachambua maharagwe juu ya ungo. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, alivipaka mafuta ya mawese.

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza ni nani alikata."

"Ukamujibu?"

"Nilisema ni weye," nikamwambia.

Mama akainua macho kutoka kwenye ungo, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu baba afe.

"Muzuri," akasema. "Njo ile nilikutuma useme."